Msitupe Tenga Zima kwa Samaki Mmoja

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, kama una gari, au unaendesha la mwenzio kwa hesabu ya kila jioni, bila shaka umewahi kusikia hukumu hii ikitolewa gereji: "Bosi, kompyuta imekufa." Hukumu hiyo haina rufaa. Fundi anafunga boneti, anajifuta mikono kwa kitambaa, na mwenye gari anaanza kuwaza nani wa kumkopa. Juma hili nataka tuzungumze juu ya hukumu hiyo, kwa sababu mara nyingi anayehukumiwa hana kosa. Mwenye kosa ni waya uliochubuka, au kifaa cha ukubwa wa kidole gumba ambacho hakuna aliyekihoji.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kuuliza na kusikiliza, na katika jambo hili nimewauliza mafundi umeme wa magari, vijana kwa wazee, mpaka nikaridhika kwamba naweza kulieleza kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Zamani injini ya petroli ilipata mafuta kwa kabureta na cheche kwa distribyuta, na fundi hodari aliweza kusikiliza mlio tu akajua pa kugusa. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo uitwao Motronic katika gari la BMW 732i, ambamo mafuta na cheche viliwekwa chini ya kompyuta moja. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha kila gari jipya dogo linalouzwa kule liwe na mfumo wa kujichunguza, wenye soketi ya aina moja na namba za hitilafu za aina moja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Leo gari la mtumba linaloshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa lina kompyuta ya injini, na aghalabu lina kompyuta nyingine kadhaa zaidi ya hiyo.

Lakini kompyuta haina macho wala masikio. Habari zote inaletewa na sensa. Sisemi ile sensa ya kuhesabu watu tuliyoifanya nchini mwaka 2022. Nasema vifaa vidogo vilivyofungwa huku na huku kwenye injini, ambavyo mafundi wetu huviita hivyo na ambavyo wataalamu wa lugha huviita vihisi. Kuna sensa inayoangalia mguu wako umekanyaga pedali ya mafuta kiasi gani. Kuna ya kupima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini. Kuna ya kuangalia throto imefunguka kiasi gani. Kuna hata ya kupima mgandamizo wa gesi ya kiyoyozi, kule mbele karibu na rejeta. Kila moja inapeleka habari zake kwa kompyuta, nayo kompyuta inaamua mafuta kiasi gani na cheche saa ngapi.

Sasa, habari hizo zinapelekwaje? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Sensa nyingi za namna hii zina nyaya 3. Waya wa kwanza unaleta umeme kutoka kwenye kompyuta, volti 5 kamili. Waya wa pili ni hasi, yaani njia ya kurudi. Waya wa tatu ndio unaobeba jibu. Throto ikiwa imefungwa, jibu linaweza kuwa nusu volti hivi. Ikifunguka yote, jibu linapanda hadi volti 4 na zaidi kidogo. Kompyuta inasoma jibu hilo kwa kulilinganisha na zile volti 5 ilizotoa yenyewe. Ndiyo maana zinaitwa volti za rejea. Mafundi wenyewe huziita "faivu volti".

Pengine utauliza: kwa nini 5, na betri ni ya volti 12? Jibu ni kwamba betri haitulii. Gari likiwa limelala betri yenye chaji huwa na volti 12 na nusu hivi. Injini ikiunguruma na oltaneta ikichaji inafika 14. Na wakati wa kupiga stata inaweza kushuka hadi 10. Ukipima kitu kwa kipimo kinachopanda na kushuka namna hiyo utapata majibu ya uongo. Kwa hiyo kompyuta inachukua umeme wa betri, inaupunguza na kuutuliza, halafu inaugawa kwa sensa ukiwa volti 5 zisizoyumba. Ni kama jiwe la mizani sokoni. Jiwe likimegeka, kila gunia litakalopimwa siku hiyo litatoa uzito wa uongo, na ukiwakamata wauza mahindi mmoja mmoja hutampata mwizi, maana jiwe ndilo lenye kasoro.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba volti hizo hutolewa kwa ushirika. Kompyuta haina waya wake wa volti 5 kwa kila sensa. Ina njia moja, au mbili, au tatu, na kila njia inalisha sensa kadhaa. Ni kama bomba moja la maji linalopita nyumba 6 za mtaa. Nyumba ya tatu bomba likipasuka uani, nyumba zote 6 zinakosa maji, na mwenye nyumba ya sita akibadilisha koki zake zote hatapata hata tone.

Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye gari. Sensa moja ikiungua kwa ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, zile volti 5 zinashuka hadi karibu na sifuri kwa sensa zote za njia ile. Ghafla kompyuta inapata majibu ya ovyo kutoka pande 4 au 5 kwa pamoja. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Gari halikubali mafuta hata ukanyage mpaka chini, au linazima, au haliwaki kabisa. Ukichomeka mashine ya kupimia, inatoa orodha ndefu ya namba za hitilafu: throto mbaya, mgandamizo wa hewa mbaya, pedali mbaya. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa mmoja tu ndiye aliyeoza, ila harufu yake imeenea tenga zima.

Nina jirani yangu anayeendesha teksi. Mwaka jana gari lake lilianza kukataa kuongeza mwendo, likawa linatambaa kama mzee apandaye mlima. Alilipeleka gereji, likapimwa kwa mashine, akapewa orodha ya namba 5. Alibadilisha throto nzima. Gari halikupona. Akabadilisha sensa ya mgandamizo wa hewa. Halikupona. Akanunua pedali ya mtumba. Halikupona. Mwisho akaambiwa kompyuta imekufa, akakopa kwa shemeji yake, akanunua kompyuta ya mtumba, na ikakataa hata kuwasha gari, kwa kuwa katika magari mengi ya siku hizi kompyuta hukumbuka funguo zake na haizitambui za mwingine. Kufikia hapo gari lilikuwa limekaa majuma 3 bila kuingiza hata senti, na mwenye nyumba alikuwa ameshabisha hodi mara 2.

Tulikwenda pamoja kwa mzee mmoja fundi umeme. Jirani yangu akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akampa ile karatasi ya namba. Mzee alivaa miwani, akaisoma yote pole pole, halafu akaweka kidole kwenye namba ya nne.

"Hii mlimwuliza fundi maana yake nini?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Namba yenyewe ilikuwa P0642. Katika utaratibu ule wa kimataifa, namba hiyo inasema kwamba volti za rejea za njia ya kwanza ziko chini. Yaani jibu lilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Lilirukwa, nadhani, kwa sababu moja tu: namba nyingine zilitaja kifaa ambacho mtu anaweza kwenda dukani akakinunua, na hii haikutaja kifaa chochote.

Mzee alirudisha kompyuta ya zamani. Akafungua soketi ya sensa moja, akawasha swichi bila kupiga stata, akapima kwa mita. Badala ya volti 5 akapata 0.4. Akaiacha mita palepale ili aweze kuiona, akaanza kuchomoa soketi za sensa nyingine zinazotumia njia ile, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, mita haikutikisika. Ya pili, vilevile. Alipochomoa ile ya gesi ya kiyoyozi, nyuma ya bampa la mbele, mita iliruka ikasoma 5.0. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko foleni tuliyokutana nayo njiani. Bampa lile liliwahi kugongwa na kunyooshwa, sensa ikapata ufa, maji yakaingia. Kiyoyozi chenyewe jirani yangu hakitumii, kwa kubana mafuta. Nani angekituhumu?

Ndugu msikilizaji, naomba nizipitie hatua za kazi ile kwa utaratibu, ili ukisimama gereji ujue kinachofanyika au kisichofanyika.

Kwanza, betri na nyaya zake. Kompyuta isiyopata umeme wa kutosha, au ambayo hasi yake imelegea, haiwezi kutoa volti 5 za kuaminika. Hilo lipimwe kabla ya jingine lolote.

Pili, apime volti za rejea kwenye soketi ya sensa, swichi ikiwa imewashwa. Apime mara 2: mara moja waya mweusi wa mita ukiwa kwenye hasi ya betri, mara ya pili ukiwa kwenye waya wa hasi wa sensa ileile. Akipata 5 kwa betri na asipate kwa waya wa sensa, ugonjwa uko kwenye hasi ya sensa, na volti za rejea hazina neno. Atumie mita, siyo ile testa ya balbu; balbu inavuta umeme mwingi kuliko njia ile ilivyokusudiwa kubeba.

Tatu, zikiwa chini, achomoe sensa za njia ile moja moja huku akiangalia mita. Kwa hili anahitaji ramani ya nyaya za gari lile, maana sensa zinazoshirikiana katika gari hili siyo zinazoshirikiana katika lile. Volti zikirudi, sensa ya mwisho kuchomolewa ndiyo mtuhumiwa. Lakini aangalie pia nyaya na soketi yake kabla ya kuihukumu.

Nne, kama sensa zote zimechomolewa na volti bado ziko chini, atazame nyaya. Azime swichi, atoe betri, achomoe kompyuta, halafu apime kama waya wa volti 5 unagusana na bodi. Huenda umeungulia kwenye ekzosi, umekatwa na ncha ya chuma, au panya ameutafuna. Hapa kwetu pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi na unyevu. Waya uliowahi kutobolewa ili upimwe, halafu ukaachwa na tundu, huota kutu ya kijani ndani kwa ndani. Kadhalika injini iliyooshwa kwa maji ya nguvu, au gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko.

Tano, volti zikiwa juu ya 5, tuseme 12, maana yake waya wa betri umegusana na waya wa rejea mahali fulani. Namba yake kwa njia ya kwanza ni P0643. Hapo ukifunga kompyuta nyingine bila kutafuta pale nyaya zilipogusana, unaweza kuiua nayo.

Sita, na hii ndiyo ya mwisho: kama kompyuta inapata umeme mzuri na hasi nzuri, nyaya zote ni safi, sensa zote zimechomolewa, na bado haitoi volti 5, sasa ndipo unaweza kuihukumu. Kompyuta nyingi zimeundwa zijihami. Waya wa rejea ukigusa bodi zinabana umeme badala ya kuungua. Ndiyo sababu ile ya jirani yangu ilifufuka mara tu mzigo ulipoondolewa. Haikuwa imekufa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niyalete mambo haya ya gereji hapa redioni. Ni rahisi kusema kwamba mafundi wetu ni wezi. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na sikubaliani nao. Yule fundi wa kwanza hakuiba kitu. Kila kifaa alichosema kimenunuliwa kilinunuliwa na kikafungwa. Tatizo ni namna tunavyomlipa.

Hebu jiulize: mara ya mwisho ulipomlipa fundi, ulimlipia nini? Ulilipa spea, ukalipa na ufundi, yaani ujira wa kuifunga ile spea. Je, ulimlipa kwa kutafuta? Fundi akikuambia, "Nimetumia saa 2 kupima, nimekuta waya umechubuka, nimeufunga kwa utepe, naomba hela ya saa 2," utamlipa kwa moyo mweupe? Wengi wetu tutasema, "Utepe wa shilingi ngapi huo, kaka?" Tunahesabu utepe, hatuhesabu saa 2 wala miaka aliyosomea. Yule mzee alinieleza jambo hilohilo bila hasira. Alisema wateja humlipa vizuri zaidi siku anayoshindwa kutafuta na kuamua kubadilisha, kuliko siku anayofanikiwa kutafuta na asibadilishe kitu.

Kwa utaratibu huo tumewafundisha mafundi wetu kubahatisha. Fundi mwaminifu anayepima anarudi nyumbani na elfu chache. Anayebadilisha vifaa 4 anapata ufundi mara 4. Tusishangae tukikuta wa pili ni wengi kuliko wa kwanza.

Katika jambo jingine tumewahi kubadilika. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka usiku, asubuhi anapewa dawa ya malaria, haina haja ya kuuliza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza, ndipo atibiwe. Leo hata kwenye zahanati ya kijijini mama anajua kipimo cha tone la damu la kidoleni, na akiambiwa hakuna malaria anauliza, basi homa hii inatoka wapi? Hilo ndilo swali la kuuliza. Taa ya injini ni homa. Namba za hitilafu ni maelezo ya mgonjwa kuhusu anapoumia. Bado hatujapima.

Basi nashauri hivi. Ukifika gereji na orodha ya namba, usiulize kwanza bei ya spea. Omba uandikiwe namba zote, pamoja na zile ambazo hazitaji kifaa. Ukiona hitilafu 3 au 4 zimetokea siku moja kwa vifaa visivyohusiana, mwulize fundi kwa adabu: hivi vyote vinakula wapi? Mwulize kama amepima volti 5, na kwenye soketi ipi. Kuuliza si ujinga. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kukuonyesha mita. Halafu mkubaliane bei ya kupima kabla hajafungua boneti, na umlipe hata kama mwisho wa yote alichokifanya ni kuchomoa soketi moja.

Kwa upande wa mafundi, kaka zangu na wadogo zangu, mita nzuri siyo ghali kuliko throto moja ya mtumba. Umeme wa magari unafundishwa katika vyuo vya VETA, na aliyekwisha kuzoea kazi naye ana mengi ya kuongeza huko. Magari haya hayatarudi kwenye kabureta. Yajayo yana nyaya nyingi zaidi.

Jirani yangu yuko barabarani tena. Deni la shemeji bado analilipa, kidogo kidogo kila mwisho wa juma. Ndani ya buti la gari lake kuna throto, sensa, pedali na kompyuta, vyote vizima, ambavyo maduka yamekataa kuvirudisha. Kama unafahamu mtu anayevihitaji kweli, baada ya kupima, yeye atashukuru.

Kwa leo ni hayo, ndugu msikilizaji. Tukutane juma lijalo.